Karema, Boma la Wabelgiji na Makumbusho ya Tervuren

Karema ni kijiji cha Mkoa wa Katavi, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilometa 100 magharibi ya mji wa Mpanda. Siku hizi kinatajwa zaidi kwa sababu ya bandari yake mpya, lakini kwa mpenda historia kilicho kikubwa zaidi hapo ni boma lililoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1879. Kapteni Ernest Cambier alifika kwa niaba ya jumuiya iliyoundwa na Mfalme Leopold II mjini Brussels mwaka 1876, iliyojinadi kuwa inapeleka sayansi na kukomesha biashara ya watumwa. Baadaye ilidhihirika kuwa mfalme alikuwa akitafuta koloni.

Mgeni hushangaa kuona boma liko mbali na maji. Cambier alipojenga, mawimbi yalikuwa jirani. Miaka hiyohiyo ziwa lilikuwa limefumua kizuizi cha udongo na mimea kilichoziba Mto Lukuga, upande wa Kongo, na kufikia katikati ya miaka ya 1890 kina kilikuwa kimeshuka kwa takriban meta 10. Ndiyo maana hata Ujiji, mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, mnara wa kumbukumbu hauko pwani ya ziwa.

Kisa cha ajabu cha Karema ni cha tembo wanne waliotolewa Bara Hindi na kushushwa Msasani, Dar es Salaam, mwaka 1879, pamoja na wafunzi wao. Leopold alitaka kujua kama tembo wangeweza kuchukua nafasi ya wapagazi. Ni mmoja tu aliyefika Karema, naye hakuishi muda mrefu. Kiongozi wa msafara, Frederick Carter, aliuawa mwaka uliofuata huko Mpimbwe, ambako leo ni kusini mwa Mkoa wa Katavi, kijiji alimokuwa kiliposhambuliwa na majeshi ya Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, na washirika wake.

Mwaka 1882 Karema ilikabidhiwa kwa Luteni Émile Storms, naye akavuka ziwa na kufungua kituo kingine Mpala. Huko aligombana na Lusinga, chifu wa Watabwa aliyekuwa na bunduki na ambaye mwenyewe alikuwa akiteka watu na kuwauza. Desemba 1884 askari wa Storms walimkata Lusinga kichwa. Storms aliporudi kwao alilibeba fuvu, na mjane wake baadaye akatoa mali alizokuwa amekusanya kwa makumbusho ya Tervuren, nje kidogo ya Brussels. Humo imo sanamu ya mti ya ukoo wa Lusinga, mtu aliyechanjwa chale na kusukwa nywele kwa ustadi mkubwa.

Anayetembelea Brussels hufika Tervuren kwa tramu namba 44, inayopita msituni kutoka Montgomery. Jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 1910, lakini chimbuko lake ni maonyesho ya mwaka 1897, ambapo Wakongo 267 waliletwa kutazamwa na umati. Saba walifariki, na makaburi yao yako kando ya kanisa la mji huo. Makumbusho yalifungwa mwaka 2013 ili yakarabatiwe, yakafunguliwa tena Desemba 2018 yakiwa na maelezo mapya kuhusu ukoloni. Mwaka 2022 kichwa cha Storms kilichochongwa kiliondolewa katika bustani moja mjini Brussels. Kwa Mtanzania, upungufu wa Tervuren ni kwamba Kongo imemeza kila kitu, na Karema hubaki kama njia tu ya kupitia.

Karema yenyewe haikuishia kwa Wabelgiji. Ukanda huu ulipoangukia upande wa Wajerumani, boma lilikabidhiwa Wamisionari wa Afrika mwaka 1885. Hapo ndipo alipofanya kazi Adrien Atiman, mzaliwa wa nchi za Mto Niger, karibu na Timbuktu, aliyetekwa utotoni, akakombolewa na wamisionari, kisha akasomea utabibu Malta. Alifika mwishoni mwa miaka ya 1880 akiwa katekista na mganga, akaoa binti wa Kibende, akajifunza pia dawa za miti za wenyeji, akatibu watu kwa zaidi ya miaka 60 hadi alipofariki mwaka 1956. Mtoto wake, Joseph, akawa padri. Ukilinganisha Atiman na Storms, inashangaza kwamba aliyechongewa sanamu Ulaya ni huyo wa pili.

Urithi mwingine wa mkoa uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974 na yenye kilometa za mraba 4,471. Karibu na Ziwa Katavi upo mkwaju unaoaminiwa kuwa makao ya mzimu wa Katabi, mwindaji aliyeipa hifadhi jina, na wenyeji bado hupeleka sadaka chini yake.

Safari huanzia Mpanda, inakofika reli ya kutoka Tabora kupitia Kaliua. Sitalike, lango la hifadhi, iko kusini mwa mji. Barabara ya Karema inashika magharibi. Kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, ndicho kipindi bora, kwani barabara za vumbi hupitika na viboko hujazana katika madimbwi machache ya Mto Katuma.