Kisukari cha paka mzee chaweza kudhibitiwa nyumbani

PAKA mwenye umri wa miaka kumi au zaidi anapoanza kurudi kwenye bakuli la maji kila mara, wengi wa wanaomfuga hudhani ni joto au uzee tu. Anapoendelea kukonda ilhali anakula kuliko zamani, na mchanga wake wa haja kukutwa umelowa chepechepe kila asubuhi, huenda amekwisha kukaa na maradhi hayo kwa majuma kadhaa. Maradhi yenyewe ni kisukari, kile kile kinachofahamika katika nyumba nyingi za Nakuru, Njoro na Naivasha kwa sababu ya babu, nyanya au mzazi anayehudhuria kliniki.

Ujuzi huo wa nyumbani ni faida kubwa, kwani mtu aliyewahi kumdunga mamake insulini hatetemeki mkono mbele ya paka. Hata hivyo, ujuzi huo huo waweza kumuua mnyama. Paka hufanana na binadamu katika mambo mengi ya kisukari na hutofautiana naye katika machache, na hayo machache ndiyo yanayoamua iwapo ataishi.

Kwa paka wengi, ugonjwa huu unakaribiana na kisukari cha aina ya pili kwa binadamu. Kongosho bado hutoa insulini kiasi, ila mwili hauiitikii ipasavyo, hadi kongosho lenyewe linachoka. Walio hatarini zaidi ni madume waliohasiwa, wanene, wanaoshinda ndani ya nyumba. Nchini Uingereza hukadiriwa kuwa karibu paka mmoja kati ya kila 200 anaugua. Dawa za steroidi, ambazo mara nyingi hutolewa kutuliza mwasho wa ngozi, huweza kuuanzisha. Dalili moja asiyoisahau mtu akishaiona ni paka kutembea akiwa amelaza visigino vya miguu ya nyuma chini, kama sungura, badala ya kukanyaga kwa vidole. Hapo mishipa ya fahamu imekwisha kuathirika.

Bonde la Ufa ni nchi ya ng'ombe. Daktari wa mifugo anayezunguka Molo, Rongai au Subukia amezoea homa ya maziwa na ndama waliokwama kuzaliwa kuliko sukari ya paka. Hilo si kosa lake, kwani ndiyo kazi iliyopo. Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoko Njoro, kina kitivo cha tiba ya mifugo, na Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha taaluma hiyo katika kampasi ya Kabete. Chini ya sheria ya mwaka 2011, madaktari wa mifugo na wasaidizi wao husajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Haidhuru kuuliza kama anayeshika sindano amesajiliwa, na kama yeye ni daktari au msaidizi.

Upimaji wenyewe una mtego. Paka aliyesafirishwa kutoka Gilgil ndani ya katoni, kwenye matatu yenye muziki, hufika akiwa na hofu, na hofu pekee hupandisha sukari ya paka mzima hadi kiwango cha mgonjwa. Kipimo kimoja cha damu hakitoshi. Daktari makini hupima pia sukari kwenye mkojo, au huagiza kipimo cha fruktosamini ambacho huonyesha wastani wa sukari kwa majuma mawili au matatu yaliyopita. Sukari ya paka huanza kumwagika kwenye mkojo inapopita takriban 14 hadi 16 katika kipimo cha milimoli kwa lita, ambacho ndicho kinachotumika katika kliniki za Kenya. Ni kiwango cha juu kuliko cha binadamu.

Ikithibitishwa kuwa ni kisukari, tembe za metformini zilizoko kabatini kwa ajili ya nyanya ziachwe huko huko. Kwa paka hazifui dafu, na humtapisha na kumlegeza. Nchini Marekani ziliidhinishwa dawa mbili za kumeza kwa ajili ya paka, beksagliflozini mwaka 2022 na velagliflozini mwaka 2023, ila hazipewi paka aliyekwisha kutibiwa kwa insulini, na huhitaji uangalizi wa karibu kwa sababu zaweza kusababisha sumu ya ketoni kwenye damu. Tiba iliyozoeleka imebaki kuwa insulini, hasa glajini, inayodungwa chini ya ngozi mara mbili kwa siku. Paka wengi huanzishwa na yuniti moja tu kila mara. Mtu aliyezoea kuvuta yuniti 20 za mzazi wake huona kiasi hicho ni mzaha. Si mzaha hata kidogo.

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Insulini ya binadamu inayouzwa katika maduka ya dawa ina yuniti 100 katika kila mililita. Baadhi ya insulini zilizotengenezewa wanyama zina yuniti 40, na zina sirinji zake. Anayevuta insulini ya 100 kwa sirinji ya 40 hadi alama ya kwanza huwa amevuta yuniti mbili na nusu badala ya moja. Maandishi yaliyo kwenye chupa na yale yaliyo kwenye sirinji sharti yasomwe pamoja kila pakiti mpya inaponunuliwa, hata kama muuzaji ni yule yule.

Saa ni jambo jepesi zaidi, na pengine wakazi wa eneo hili wamebahatika. Ikweta hukatiza barabara ya kwenda Marigat karibu na Mogotio, na jua huchomoza na kutua kwa saa zisizobadilika sana mwaka mzima. Saa moja asubuhi na saa moja jioni ni nyakati ambazo hata mtoto wa nyumbani hazipotezi. Paka hulishwa kwanza. Akikataa kula au akitapika, asidungwe dozi kamili kabla ya daktari kuulizwa. Akila, ngozi ya ubavuni huinuliwa kwa vidole, sindano ikaingia, naye mara nyingi huendelea kula. Ikiwa mdungaji ana shaka kama dawa imeingia au imemwagika kwenye manyoya, hairudiwi. Dozi iliyosahauliwa pia hailipizwi kwa kudunga mbili.

Sababu ni kwamba sukari iliyopanda humdhoofisha paka kwa siku na majuma, bali sukari iliyoshuka yaweza kumuua kwa saa chache. Paka hulegea, huyumba kama mlevi, hutetemeka, kisha huingia katika kifafa. Akiwa bado anaweza kumeza, apewe chakula mara moja. Akiwa hawezi, asali au maji mazito ya glukosi hupakwa kwenye ufizi kidogo kidogo, bila kumimina kooni, huku safari ya kwenda kwa daktari ikianza. Chupa ya asali ya Baringo iliyo jikoni hapa ni dawa halisi.

Anayetaka kupima mwenyewe anaweza kutumia mashine ya binadamu. Tone la damu hutolewa kwenye ukingo wa sikio lililopashwa moto kwa kitambaa chenye maji vuguvugu. Mashine hizo huelekea kusoma sukari ya paka chini kuliko ilivyo, hivyo daktari aelezwe imetumika ipi. Kipimo kilicho chini ya 3.5 kisipuuzwe, na kila kipimo kiandikwe daftarini pamoja na saa.

Kuhusu chakula, mazoea ya jikoni hayana budi kubadilika. Paka wengi wa nyumbani hulishwa ugali uliolowekwa kwenye maziwa au mchuzi. Paka ni mla nyama kwa maumbile, na ini lake halina wepesi wa kushughulikia wanga kama la binadamu au mbwa, kwa hivyo ugali, mkate na vyakula vikavu vya pakiti vyenye nafaka nyingi humpandishia sukari. Omena waliochemshwa, kuku, mayai na nyama ya ng'ombe humfaa zaidi, au chakula cha mkebe chenye wanga kidogo kwa anayemudu. Samaki wapikwe, kwani baadhi yao wakiwa wabichi huharibu vitamini B1. Maini yasiwe ya kila siku. Mchuzi wenye vitunguu usimfikie kabisa, maana vitunguu huvunja chembe nyekundu za damu yake. Mabadiliko ya chakula yafanywe daktari akijua, kwa kuwa wanga ukipungua, dozi ya jana huwa kubwa mno leo.

Stima ikipotea, hapana haja ya taharuki. Utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva uliochapishwa mwaka 2021, uliotokana na hali ya joto katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, ulionyesha kuwa insulini za binadamu zilizochunguzwa zilidumisha nguvu zake kwa wiki nne katika joto la kati ya nyuzi 25 na 37. Usiku wa Nakuru ni wa baridi kuliko hapo. Kinachoharibu insulini ni kugandishwa, kuanikwa juani au kuachwa ndani ya gari. Sindano zilizotumika ziwekwe katika chupa ngumu yenye kifuniko na kurudishwa kliniki. Jaa la Gioto mjini Nakuru limejulikana kwa miaka mingi kwa watu wanaochakura taka kwa mikono mitupu.

Gharama ndiyo huwakatisha wengi tamaa, ingawa hesabu yake si mbaya kama inavyodhaniwa. Kalamu ya mililita tatu ina yuniti 300, na paka anayedungwa yuniti mbili kwa siku hutumia 56 tu katika siku 28. Aidha, tofauti na wagonjwa wengi wa kibinadamu, paka anaweza kuacha insulini kabisa. Katika utafiti wa Kirsten Roomp na Jacquie Rand wa mwaka 2009 uliofuatilia paka 55 waliopimwa nyumbani kwa bidii, waliodungwa glajini na kulishwa wanga kidogo, asilimia 64 walifikia hatua hiyo. Miongoni mwa walioanza utaratibu huo ndani ya miezi sita ya kugunduliwa walikuwa asilimia 84, na waliochelewa asilimia 35.

Wapo paka ambao hawatafika huko: aliyekwisha kupatwa na sumu ya ketoni mara kadhaa, mwenye figo zilizochoka, au yule ambaye nyumbani kwake hakuna mtu jioni. Kwa hao, daktari akishauri walazwe bila maumivu, ushauri huo si ukatili. Lakini mara nyingi kinachokosekana ni mtu wa pili. Familia inapokwenda mazishini kwa siku tatu, jirani aliyefundishwa mapema, akadunga mara mbili tatu mwenye paka akimtazama, ndiye anayeachiwa ufunguo, daftari na nambari ya simu ya daktari.