Kompyuta ya injini isipojibu: pimeni kwanza, msimhukumu dereva



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, likizo na usalama kazini. Safari hii twataka kuzungumza juu ya mashine, kwa sababu siku hizi mashine imeanza kuitwa kama shahidi dhidi ya mfanyakazi. Dereva huambiwa, "Umeua kompyuta ya gari." Fundi msaidizi huambiwa, "Wewe ndiye uliyeiunguza." Mwisho wa mwezi mshahara hukatwa. Asiyejua jambo hana la kujibu. Anayejua huuliza swali moja tu: mmepima nini?

Jambo hili lilitukuta hapa hapa Bujumbura. Gari dogo la mizigo la kiwanda kimoja liliondoka vizuri asubuhi, na mchana likagoma. Stata ilizunguka lakini injini haikushika. Fundi aliyeitwa na tajiri akaja na laptopu, akachomeka waya chini ya usukani, akangoja. Laptopu ikaandika kwamba haiwezi kuwasiliana na gari. Papo hapo fundi akatoa hukumu: kompyuta ya injini imekufa, dereva ameosha injini kwa maji, basi ainunue nyingine. Bei aliyotajiwa ndugu yetu ilizidi mshahara wake wa miezi mitatu. Akaja kwetu.

Tulimwendea fundi mmoja mzee wa Buyenzi, katika zile avenyu ambazo milio ya nyundo haikomi tangu alfajiri. Hakuja na laptopu. Alikuja na mita ya kupimia umeme, brashi ya chuma na kipande cha msasa. Baada ya saa moja gari likawaka. Alichokikuta tutakieleza mwishoni. Kwanza tueleze njia aliyoifuata, maana kila dereva, utingo na fundi wa kiwandani au shambani aweza kuifuata.

KOMPYUTA HII NI KITU GANI?

Wenzetu wa mashamba ya chai wanamjua karani wa mizani. Yeye hachumi jani. Yeye hupokea habari, huandika, kisha hutoa amri. Kompyuta ya injini ni karani wa namna hiyo. Vipimo vidogo vilivyofungwa kwenye injini, ambavyo mafundi huviita sensa, humletea habari: injini inazunguka kwa kasi gani, maji yana joto kiasi gani, hewa inayoingia ni kiasi gani. Naye hutoa amri: nozeli imwage mafuta kiasi hiki, cheche iruke sasa.

Laptopu ya fundi ni mgeni anayekuja kumuuliza karani habari za kazi. Mlango wa kuingilia ni tundu lenye nafasi 16, ambalo kwa kawaida liko chini ya usukani. Marekani ililazimisha tundu hilo katika magari madogo yote kuanzia matoleo ya mwaka 1996. Nchi za Umoja wa Ulaya zilifuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli, na baadaye kidogo kwa ya dizeli. Magari mengi yanayotufikia hapa kutoka Japani, kwa kupitia bandari ya Dar es Salaam, yana tundu la umbo hilo hilo. Lakini ndugu msomaji angalia: mlango kufanana si lugha kufanana. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, hasa la zamani, laweza kuwa na tundu hilo na bado lisizungumze lugha ambayo kifaa cha bei rahisi inaijua.

Basi mgeni akibisha hodi asijibiwe, yapo mambo mengi yanayowezekana. Huenda mgeni mwenyewe ni bubu. Huenda mlango umefungwa. Huenda karani hakuletewa chakula chake, yaani umeme. Kusema kwamba karani amekufa ni neno la mwisho, siyo la kwanza.

TUFUATE HATUA

Kwanza, betri. Gari likiwa limezimwa na kupumzika, betri nzima ya volti 12 huonyesha kama 12.6. Ikiwa chini ya 12, kompyuta nyingine hukataa kujibu au hujibu ovyo. Chaji betri kwanza, ndipo uendelee. Lori la shamba mara nyingi lina betri mbili na umeme wa volti 24. Kifaa kisichoandikwa kwamba kinaweza kubeba volti 24 kisichomekwe kwenye lori hata kwa dakika moja. Kitaungua, na atakayelaumiwa twamjua.

Pili, ufunguo. Uzungushe mpaka taa za dashibodi ziwake, injini ikiwa haijawashwa. Kuishia kwenye nafasi ya redio hakutoshi. Hapo tazama taa yenye picha ya injini. Katika magari mengi taa hiyo huwaka ufunguo ukifunguliwa, na huzimika injini ikishika. Ikiwa haiwaki kabisa, na laptopu haipati jibu, na injini haishiki, mambo hayo matatu kwa pamoja yanatuonyesha njia: yamkini umeme haumfikii karani.

Tatu, kifaa na laptopu. Kifaa kikichomekwa kwenye tundu, taa yake huwaka? Ikiwaka, tundu lina umeme. Kisha kichukue ukachomeke kwenye gari jingine lililo zima, la aina ile ile ikiwezekana. Kipimo hiki hakigharimu hata faranga moja, na wengi hawakifanyi. Kikikosa kujibiwa huko pia, gari letu halina hatia. Ndani ya laptopu angalia kama programu ndogo ya kuitambulisha waya, ambayo huitwa draiva, imewekwa, na kama namba ya mlango wa mawasiliano iliyochaguliwa ndiyo ile iliyopewa waya huo. Programu mbili zisifunguliwe pamoja kwa kifaa kimoja, maana moja humzuia mwenzake. Kama kifaa hakina waya bali hutumia bluututhi, lazima kwanza kitambuliwe na laptopu kwa namba ya siri, ambayo mara nyingi ni 1234 au 0000. Tena vifaa vingi vinavyouzwa kwa bei ndogo ni vya kuiga: vimeandikwa kwamba vinajua lugha zote, kumbe baadhi hawazijui.

Nne, tundu lenyewe. Hapa mita inaingia kazini. Nafasi namba 16 lazima iwe na umeme wa betri wakati wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Nafasi namba 4 na namba 5 ni masi, yaani upande wa hasi. Pima kati ya 16 na 4, kisha kati ya 16 na 5. Usipopata volti za betri, tafuta fyuzi. Katika magari mengi fyuzi ya tundu hili ndiyo hiyo hiyo ya kiberiti cha sigara, mahali ambapo kila mtu huchajia simu. Chaja mbovu huikata fyuzi, gari huendelea kutembea bila shida, na siku fundi anapokuja na laptopu husemekana kompyuta imekufa. Fyuzi tu! Ikikatika, iwekwe ya kiasi kile kile, siyo kipande cha waya.

Tano, waya za mazungumzo. Tazama ndani ya tundu kwa tochi, uone ni nafasi zipi zenye chuma. Ikiwa namba 6 na namba 14 zina chuma, gari huzungumza kwa jozi ya waya ambayo mafundi huiita kani. Ikiwa hizo hazina chuma bali namba 7 inacho, gari huzungumza kwa waya mmoja, nao huitwa laini ya K. Kifaa kiwe cha lugha hiyo.

Kwa jozi ya kani kuna kipimo kizuri. Toa waya wa betri, ngoja kidogo, kisha pima ukinzani kati ya 6 na 14. Katika magari mengi utapata kama omu 60, kwa sababu kila ncha ya jozi ina kizuizi cha omu 120 na viwili hivyo vimeungwa sambamba. Ukipata 120, kizuizi kimoja hakifikiwi: huenda waya umekatika mahali. Ukipata karibu na sifuri, waya mbili zimegusana.

Hapa tuulize swali jingine: nani aliongeza kitu ndani ya gari? Redio mpya, king'ora cha wezi, au kile kifaa cha kumfuatilia dereva ambacho matajiri wengi siku hizi hukifunga. Kikiungwa vibaya kwenye waya hizo chaweza kuwanyamazisha wote. Kichomoe, jaribu tena. Imetokea kwamba kifaa kilichowekwa ili kumchunga dereva ndicho chenyewe kilichoharibu.

Sita, chakula cha karani. Kama tundu ni zima na kifaa ni kizima, sasa nenda kwenye plagi ya kompyuta ya injini. Kwa kufuata mchoro wa gari hilo, pima waya wa umeme wa kudumu, waya wa umeme unaokuja ufunguo ukifunguliwa kwa kupitia rilei, na waya za masi. Masi isipimwe kwa macho. Funga mita kati ya waya wa masi wa kompyuta na hasi ya betri, ufunguo ukiwa wazi. Mita yapasa kuonyesha karibu na sifuri. Ikionyesha volti nzima au zaidi, masi imeoza au imelegea.

Saba, sensa. Baadhi ya sensa hulishwa volti 5 na kompyuta yenyewe. Waya mmoja wa volti 5 ukichubuka na kugusa bodi, kompyuta yaweza kunyamaza kabisa kana kwamba imekufa. Zima ufunguo, chomoa sensa moja, fungua ufunguo, jaribu. Endelea hivyo moja baada ya moja. Mara nyingine kwa kuchomoa sensa moja tu karani hufufuka. Kama kuchomoa hakukusaidia, fuata waya zenyewe mpaka mahali zinaposuguliwa na chuma.

Hatua zote saba zikipita salama, hapo ndipo twaweza kusema kwamba kompyuta yenyewe inatiliwa mashaka. Hata hivyo msikimbilie kununua ya mtumba. Katika magari mengi kompyuta hufungamanishwa na ufunguo wa gari kwa kuzuia wezi. Ukileta ya gari jingine, stata itazunguka na injini haitawaka mpaka fundi mwenye kifaa cha kazi hiyo azitambulishe upya. Fedha imetoka na gari bado limesimama.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Usichomoe plagi ya kompyuta ufunguo ukiwa wazi. Usichomelee chuma kwenye gari kabla ya kutoa waya za betri. Usigeuze chanya na hasi unapoliazima gari jingine umeme. Usielekeze maji yenye nguvu kwenye injini. Na gari lililopita katika maji, kama mengi yalivyopita wakati wa mafuriko ya Gatumba mwaka 2020 na mwaka 2024, lifunguliwe plagi zake na kukaushwa mapema. Kutu ya kijani ndani ya plagi hufanya kazi yake polepole, na madhara huonekana miezi mingi baadaye, huenda mikononi mwa dereva mwingine asiye na kosa.

FUNDI MZEE ALIKUTA NINI?

Betri ilikuwa nzima. Kifaa kiliwaka taa, na kwenye gari jingine kilijibiwa. Tundu lilikuwa na umeme. Lakini taa ya injini haikuwaka ufunguo ulipofunguliwa. Mzee akaenda kwenye masi ya kompyuta, mita ikaonyesha zaidi ya volti 6. Akaufuata waya kwa mkono mpaka kwenye giaboksi. Boliti yake ilikuwa imelegea, na chini yake kumejaa mafuta na uchafu. Wiki chache nyuma klachi ilibadilishwa, giaboksi ikashushwa, na aliyeirudisha hakuikaza boliti ile. Mzee akasugua, akakaza, injini ikashika. Laptopu ilipochomekwa tena ikajibiwa mara moja.

Dereva hakuwa amefanya lolote. Hata maji aliyosingiziwa hayakuhusika.

Basi ndugu, tunasema hivi. Gari likikwama na wewe ukalaumiwa, usipige kelele na usitie sahihi karatasi ya kukubali kukatwa mshahara. Omba mambo matatu yaandikwe: kipi kilipimwa, wapi, na mita ilionyesha kiasi gani. Omba pia tarehe ya matengenezo ya mwisho na jina la aliyeyafanya. Peleka karatasi hiyo kwa mjumbe wa wafanyakazi wa mahali pako. Kanuni ya kazi ya Burundi ilirekebishwa kwa sheria ya tarehe 24 Novemba 2020, na mkaguzi wa kazi yuko kwa ajili ya kuisimamia. Lakini mkaguzi hawezi kukusaidia vizuri ukimwendea mikono mitupu. Namba zilizoandikwa zina nguvu kuliko viapo.

Na ninyi mafundi wenzetu, hasa vijana mnaojifunza kazi: msiione laptopu kuwa ndiyo ufundi. Laptopu ni chombo kama spana. Neno "imekufa" likitoka kinywani mwenu bila kipimo, laweza kumnyima mwenzenu chakula cha watoto wake miezi mitatu. Mita si ghali kama kompyuta ya injini. Wenzetu kumi wa kiwanda kimoja wakichanga, wataipata. Inunuliwe, ikae kwa mjumbe, na kila mtu afundishwe kuitumia.