Akiba ya Jikoni (4): Kabla Mama Hajaingia Chumba cha Upasuaji

Mpango wa kujifungua bila malipo, uliozinduliwa Kinshasa Septemba 2023, umerudi midomoni mwa watu hapa Lualaba, na kila familia yenye mjamzito inauliza habari zake. Nauunga mkono kwa moyo wote. Mama akipasuliwa ili mtoto atoke salama, asizuiliwe wodini kwa sababu ya deni. Lakini ipo gharama moja ambayo mpango huo haukuigusa, nayo ni sufuria ya nyumbani katika wiki sita zinazofuata. Hospitali zetu nyingi hazipiki. Anayepika ni gadimaladi, yaani dada au mama mkwe anayelala kwenye mkeka kando ya kitanda na kuwasha mbabula uani alfajiri. Mgonjwa akiruhusiwa kutoka, gadimaladi naye ana watoto wake wanaomngoja, anaaga. Mwenye kidonda anabaki na kinu chake.

Nasema kinu kwa makusudi. Daktari humwambia aliyepasuliwa tumbo asinyanyue kizito kwa wiki kama sita, naye huitika. Hakuna anayemwambia kwamba kutwanga sombe ni kazi ya tumbo. Kila mchi unaposhuka, misuli ile ile iliyoshonwa hukaza. Halafu kuna ndoo ya maji, kuna gunia la makala, kuna kusonga bukari ya watu wanane.

Mtu akifa Kolwezi, kabla jua halijatua pana viti, turubai, gunia la unga na katoni za samaki. Kila mtaa una daftari la mchango wa kilio na mtu anayelitunza. Mtu akipangiwa upasuaji wa henia au wa uvimbe wa kizazi, tarehe ikajulikana mwezi mzima kabla, hakuna daftari. Tunamwombea, basi. Hili linaniuma, maana watu wa nchi hii ndio hasa waliojua kuweka chakula mapema kwa ajili ya siku ambayo mikono haitafanya kazi.

Waliofuatana nami tangu sehemu ya kwanza wameshamjua malkia Ruwej na lukano, bangili ya ufalme wa Walunda, na wanajua kwamba Musumba ilikuwa mji unaohama: Mwant Yav mpya, yaani mfalme wetu, alijenga makao yake mapya, si mbali na yale ya mtangulizi wake, katika nchi ile ile ya Kalany na Lulua. Niliahidi kueleza mji wa namna hiyo ulikulaje. Ulikula muhogo. Wareno waliuleta kutoka Brazili katika karne ya 16, ukapanda kutoka pwani ya Angola na Kongo kwa njia za biashara hadi ukatufikia. Mtama ukikomaa lazima uvunwe, kisha uhifadhiwe mbali na panya na fukusi. Muhogo hukaa ardhini ukimsubiri mwenyewe mwaka mzima na zaidi. Mfalme aliyezungukwa na mashamba ya mihogo aliweza kupokea wageni, kulisha askari na kuhamisha mji bila kungoja mavuno. Wachuuzi Pedro João Baptista na Amaro José, waliotoka Angola mwaka 1802 na kufika Tete mwaka 1811, walipita katika nchi ya Mwant Yav, na bila vyakula vya machifu wa Kilunda safari ile isingefika popote. Msafiri Mreno Henrique de Carvalho alipoingia Musumba mwaka 1887, ufalme ulikuwa umechoshwa na vita vya kugombea kiti na mashambulizi ya Wachokwe, hata hivyo aliandika mengi mno kuhusu maisha yetu, na kitabu chake cha 1890 bado ni mgodi kwa anayesoma Kireno. Wala tusijipambe: katika karne ya 19 mashamba yale yalilimwa kwa sehemu kubwa na mateka, na wengi wao walikuwa wanawake. Akiba ya mfalme ilikuwa migongoni mwa wanawake tangu hapo.

Ardhi ilikuwa ghala la kwanza. La pili lilikuwa mto. David Livingstone, akipita mwaka 1854 kwa Walunda wa kusini, kwa chifu Shinde, aliona aina mbili za muhogo, mtamu na mchungu, akaandika jinsi ule mchungu unavyolowekwa siku 4, ukavuliwa ganda, ukaanikwa na kutwangwa kuwa unga mweupe. Alilalamika pia kwamba chakula hicho hakishibishi. Kwa hilo la pili nitarudi, maana alisema kweli kuliko alivyojua.

Siku zile 4 si mazoea tu. Ndani ya muhogo mchungu mna linamarini, na muhogo ukiumizwa linamarini huachia sianidi. Majini, vijidudu hulainisha kiazi, sumu hutoka na kwenda na maji, na jua humaliza kazi. Mwaka 1938 daktari Mwitalia Giovanni Trolli aliueleza ugonjwa wa Kwango uitwao konzo, ambao hupooza miguu ghafula na kwa maisha yote. Nusu karne baadaye watafiti waliofanya kazi Bandundu walikuta kwamba barabara ya Kinshasa ilipotengenezwa, malori yalikuja kutafuta mihogo, na familia zikaanza kuloweka usiku mmoja badala ya mitatu ili ziuze haraka. Walioanguka walikuwa zaidi wanawake wa umri wa kuzaa na watoto. Fedha ya haraka ilinunuliwa kwa miguu ya mama. Sijui namna nyingine ya kulisema.

Na hapa ndipo mgonjwa wetu anapoingia, pamoja na lile lalamiko la Livingstone. Mwili una njia ya kuivunja sianidi, lakini njia hiyo inahitaji salfa, na salfa hutoka kwenye protini. Ndiyo maana konzo huwapata wanaokula muhogo mtupu, bila maharagi, bila samaki. Kidonda cha upasuaji nacho hujengwa kwa protini ile ile. Mtu anayetoka hospitali na kupewa bukari ya muhogo na majani peke yake wiki nzima anadaiwa mara mbili: mwili unataka protini ya kufunga kidonda, unataka nyingine ya kupambana na muhogo. Watu husema kidonda kimechelewa kupona kwa sababu ya kijicho cha jirani. Tazameni sahani kwanza.

Nyama ni ghali, najua. Finkubala je? François Malaisse, aliyefundisha miaka mingi Lubumbashi, alichapisha mwaka 1980 pamoja na Parent vipimo vya aina 23 za viwavi wanaoliwa kusini mwa nchi yetu: kwa wastani, asilimia 63.5 ya uzito wao mkavu ni protini. Vikombe vichache vya finkubala kavu kutoka sokoni, ndakala waliooshwa vizuri, karanga na maharagi, hivyo vinamjenga mtu. Wako vijana wa Kolwezi wanaoona haya kumpelekea mgonjwa finkubala, wanampelekea soda na biskuti. Haya hiyo tumefundishwa, na inafaa tuisahau.

Kampuni ya migodi ilitufundisha mengine pia. Union Minière ilimpa mfanyakazi posho ya unga, samaki na mafuta kwa sababu ilimhitaji mwenye nguvu, na Gécamines ikaendelea na mifuko ya unga. Kizazi kizima kilizoea kwamba akiba ni kazi ya kampuni. Mifuko ilipokoma, desturi ya nyumbani ilikuwa imeshalegea.

Sasa kongelateri, ambayo msomaji mmoja wa Kolwezi aliniomba niieleze tangu sehemu ya pili. Kwetu Musumba wengi hawana swali hilo. Laini ya umeme ya Inga ilifika Kolwezi mwaka 1982, kilomita zipatazo 1,700 juu ya vichwa vya vijiji visivyo na taa, kwa ajili ya migodi. Aliye Musumba na aandae vikavu: makopa yaliyolowekwa siku zake zote, finkubala, ndakala, majani yaliyochemshwa na kuanikwa. Aliye Kolwezi na kongelateri ana njia ya pili, naye asiidharau ya kwanza, kwa kuwa umeme hukatika.

Niliiona kazi hii ikifanywa vizuri kwa jamaa yangu mmoja, mke akingojea upasuaji. Dada yake alishuka kutoka Kapanga kupitia Sandoa na Kasaji akiwa na gunia la vikavu. Wakatwanga sombe ya wiki kadhaa kwa siku moja, majirani wakipokezana michi. Wakaichemsha bila kifuniko hadi ikaiva kabisa, wakaigawa kwenye mikebe mitupu ya margarini, kila mkebe mlo mmoja, na juu ya kila mmoja utepe ulioandikwa kwa kalamu: "sombe", "maharagi", "maharagi na ndakala", pamoja na tarehe. Mume ndiye aliyeandika. Alijua kila kitu kilipo, hakulazimika kumwamsha mgonjwa kumuuliza.

Nafasi inakwisha, basi nayasema kwa ufupi. Maharagi, sombe, supu ya kuku na mchuzi wa nyanya hugandishwa vizuri. Bukari haigandishwi, isongwe siku hiyo hiyo. Chakula kipoe upesi katika sahani pana, kiingie ndani kabla ya saa mbili kupita, kisilale mezani hadi asubuhi, hasa wali. Kongelateri iliyojaa na isiyofunguliwa hushika baridi kama siku mbili umeme ukikatika, iliyojaa nusu, siku moja, kwa hiyo watoto wakatazwe kuchungulia. Kilichoyeyuka na kupata joto hakirudishwi, hata kama kinanukia vizuri. Mkebe ukitolewa, uchemke hadi utokote, si kupashwa uvuguvugu. Siku za kwanza mwulizeni muuguzi mgonjwa ale nini. Wengi huanza na uji na supu.

Na daftari la mchango lifunguliwe siku ile ile tarehe ya upasuaji inapojulikana, mbele ya wazee wa mtaa, kama la kilio: nani analeta maharagi, nani makala, nani atateka maji wiki ya tatu. Wiki ya tatu ndiyo hasa inayosahaulika, wageni wameshakwenda na mama anaanza kukitazama kinu. Sehemu ya tano itahusu karanga, na barua za wasomaji wa Dilolo juu ya kuvu ya njano nitazijibu humo.