Kabla ya Kununua Mbolea, Ujue Udongo Wako

Mahindi yakidumaa shambani, watu husema ardhi imechoka, na anayeweza hukimbilia dukani kununua mfuko wa mbolea. Lakini Afrika Mashariki ina udongo sumbufu wa aina kadhaa, kila aina na chanzo chake, na dawa inayoponya shamba la Kakamega inaweza isifae kitu Kahe.

Kwenye nyanda zenye mvua nyingi, tatizo kubwa ni tindikali. Udongo huu upo Kakamega, Siaya na Uasin Gishu nchini Kenya, na pia Njombe na Mbozi katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Mvua za miaka mingi zimechuja madini ya kalisi na kuyashusha chini mizizi isikofika. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5, aluminiamu iliyojificha udongoni huanza kuyeyuka na kuharibu ncha za mizizi, na fosforasi nayo hunaswa. Mkulima anatia mbolea, mmea hauipati. Tena DAP, mbolea ya kupandia iliyozoeleka sana, huzidisha tindikali ikitumiwa msimu baada ya msimu.

Tiba ni chokaa ya kilimo, ambayo kwa Kenya huchimbwa Koru, upande wa Kisumu. Tanzania ina mawe ya fosfeti ya Minjingu, mkoani Manyara. Mbolea yake hufanya kazi vizuri zaidi kwenye udongo wa aina hii, kwa kuwa tindikali yenyewe ndiyo inayoyeyusha fosfeti hiyo.

Tambarare zilizo kusini mwa Mlima Kilimanjaro, Kahe ikiwemo, zina kisa kingine: chumvi na magadi. Maji ya umwagiliaji hubeba chumvi kidogo. Jua kali likiyakausha, chumvi hubaki juu kama unga mweupe. Mahali ambapo skimu haina mitaro ya kutolea maji, hujikusanya mwaka hadi mwaka. Magadi yakizidi, chembe za mfinyanzi hutawanyika na kuziba vitundu vya udongo, uso wa shamba ukawa mgumu na maji yakatuama. Hapo jasi husaidia, maana kalisi yake huyaondoa magadi kwenye chembe za udongo, kisha maji safi yakayasafirisha hadi mtaroni. Bahati nzuri, jasi huchimbwa Makanya, wilayani Same, mkoa huohuo wa Kilimanjaro. Bila mitaro, hata hivyo, chumvi itarudi.

Udongo mweusi wa mbuga, uliotapakaa Usukumani na Mwea, una rutuba ya kutosha. Taabu yake ni tabia. Kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mguu, masika hunata kwenye jembe na kutuamisha maji. Wakulima wa Shinyanga na Mwanza hawakupigana na tabia hiyo: walichimba majaruba wakapanda mpunga.

Kuna pia ardhi ambayo udongo wake wa juu umeondoka kabisa. Kondoa, mkoani Dodoma, mmomonyoko ulichimba makorongo makubwa kiasi kwamba mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Majani na miti vilirudi, ila wafugaji ndio waliolipa gharama kwa kuhamisha mifugo yao. Machakos, nchini Kenya, walipita njia nyingine: wakulima wenyewe walijenga matuta ya fanya juu, kwa kuchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu, na milima iliyokuwa imeachwa wazi miaka ya 1930 ikalimika tena.

Kwa macho tu, ni rahisi kukosea. Chukua udongo sehemu kadhaa za shamba, kina cha sentimita 20, ukikwepa vichuguu na mahali palipolundikwa samadi. Changanya kwenye ndoo safi, kisha peleka takriban nusu kilo maabara: kwa Tanzania TARI Mlingano mkoani Tanga au Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kwa Kenya, KALRO. Fanya hivyo mapema, kwa sababu chokaa inahitaji wiki kadhaa udongoni kabla ya kupanda.