Kiyoyozi cha Gari: Tukijue Kabla Hakijatugharimu

Wako bado kati yetu wanaokihesabu kiyoyozi cha gari kuwa ni anasa ya wakubwa. Fikra hiyo imepitwa na wakati. Magari yaliyokwisha kutumika Japani, ambayo ndiyo yanayonunuliwa na wananchi wengi wa Unguja na Pemba, hushuka bandarini yakiwa na kiyoyozi ndani yake, apende mnunuzi asipende. Na katika joto la kaskazi, mgonjwa anayetolewa Micheweni kupelekwa Chake Chake hahitaji kufundishwa faida ya hewa baridi. Suala lililo mbele yetu si kama tukitake chombo hiki au tusikitake, bali ni kama tunakijua, na kama tunao mafundi wa kukitunza.

Chombo chenyewe kimesafiri mbali. Kiwanda cha Packard cha Marekani kilipotangaza mwaka 1939 gari lenye kiyoyozi, mtambo wake ulichukua sehemu kubwa ya buti, wala haukuwa na klachi. Aliyetaka kuuzima alilazimika kusimamisha gari, kufungua boneti na kuuvua mkanda. Mwaka 1954 kampuni ya Nash iliuweka mtambo wote mbele ya gari, na klachi ya sumaku ya umeme ikampa dereva uwezo wa kuuwasha na kuuzima akiwa kitini. Katika miaka ya 1980 ilikuja kompresa inayopunguza au kuongeza kazi yake kwa kadiri ya joto lilivyo, na kwa hiyo injini ikapumzishwa na petroli ikaokolewa. Kondensa nayo, ile inayokaa mbele ya rejeta, iliacha mabomba mazito ya shaba ikawa ya alumini, yenye vijitundu vyembamba bapa vinavyotoa joto upesi zaidi.

Lakini mageuzi makubwa kuliko yote yaliletwa na gesi. Kwa miongo mingi magari yalitumia gesi iitwayo R-12. Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za jamii hiyo zinaila ozoni, tabaka linalotukinga na mionzi mikali ya jua. Mwaka 1987 mataifa yalitia saini Itifaki ya Montreal, na viwanda vya magari vikahamia kwenye R-134a. Kuhama huko hakukuwa kubadili chupa tu. Gesi mpya hupenya mpira wa kawaida, hivyo mipira ya kupitishia gesi ilibidi itiwe naironi ndani. Haichanganyiki na mafuta ya zamani ya kulainishia kompresa, hivyo mafuta mapya yalitengenezwa. Pete za mpira kwenye maungio zilibadilishwa, na kondensa zikaongezewa nguvu. Fundi anayetia gesi mpya katika mtambo wa zamani bila ya kubadili vitu hivi anamuuzia mteja wake hasara.

Na gesi hiyo iliyoiokoa ozoni ina kosa lake. Kilo moja ya R-134a ikipotelea hewani, katika muda wa miaka 100 huipasha dunia joto kama kilo 1,400 hivi za hewa ya ukaa. Gari dogo hubeba kiasi cha nusu kilo. Basi kuiachia gesi ya gari moja ni sawa na kuchoma lita 300 hivi za petroli kwa dakika chache, bila ya mtu kusafiri hatua moja. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya uliikataza gesi hiyo katika magari mapya madogo tangu mwaka 2017, na mataifa yaliyokutana Kigali mwezi Oktoba 2016 yakakubaliana kuzipunguza gesi za jamii hiyo hatua kwa hatua. Watu wa visiwani, ambao bahari inapopanda huanza na mashamba yao, wana haki ya kulifuatilia jambo hili kuliko wengine.

Ipo pia khatari iliyo karibu zaidi. Mwaka 2011 wafanyakazi watatu katika bandari za nje waliuawa na makontena ya baridi yaliyoripuka. Yalikuwa yametiwa gesi ya bandia, ambayo ndani yake mlikuwa na kemikali inayopambana na alumini na kuzaa kitu kinachowaka kikikutana na hewa. Chupa iliandikwa jina jema. Ndani mlikuwa na mauti. Aidha, magari mengi yanayotumia petroli na umeme kwa pamoja yana kompresa inayoendeshwa na umeme wa volti zaidi ya 200. Kompresa hiyo inahitaji mafuta ya namna yake yasiyopitisha umeme. Akitia mafuta ya kawaida, fundi huiharibu. Akiigusa bila ya kukata umeme, huhatarisha roho yake.

Juu ya hayo, sisi tuna adui wetu wa kudumu, nayo ni chumvi. Upepo wa bahari huila alumini ya kondensa kidogo kidogo mpaka ikatoboka. Mwenye gari anayeiosha kondensa kwa maji baridi, si kwa nguvu ya kukunja mapezi yake, huirefushia maisha. Anayejaza gesi kila mwezi bila ya kuutafuta uvujaji anatia maji katika pakacha.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, gesi zinazoingia bandarini zipimwe kilichomo, pasiaminiwe maandishi ya chupa pekee. Pili, skuli za mafunzo ya amali zifundishe kazi hii kama fani kamili, pamoja na usalama wa umeme. Tatu, zinunuliwe mashine za kunyonya gesi na kuihifadhi, ziwekwe mahali ambapo mafundi wadogo wataweza kuzitumia kwa ada nafuu. Si haki kumtoza faini fundi wa uchochoroni kwa kuiachia gesi hewani ilhali hakupewa pa kuitia. Apewe chombo na elimu kwanza, kisha sheria imfuate.

Idara za Serikali zenye magari zianze na magari yao wenyewe. Kila gari liwe na daftari linaloonyesha aina ya gesi, kiasi kilichotiwa na siku iliyotiwa. Daftari hilo halina gharama kubwa, na litaonyesha wazi ni gari gani linalovuja na ni fedha ngapi za umma zinazopotea pamoja na gesi hiyo. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.