Taharuki katika Tanzia (3): Saa Moja Baada ya Ndoa

Wiki iliyopita tulimwacha Romeo kwa Padri Laurence, akifungishwa ndoa ya siri na Juliet. Onyesho linalofuata, la kwanza katika sehemu ya tatu, ndilo linaloigeuza tamthilia nzima. Hadi hapo Shakespeare ametupa karamu, mizaha ya vijana na yaya asiyenyamaza. Hajafa mtu. Mtazamaji angeweza kudhani mambo yatakwisha kwa vigelegele, lau utangulizi usingemwambia mapema kwamba wapenzi hawa watakufa.

Ni mchana wa jua kali mjini Verona. Benvolio anamsihi Mercutio waondoke mtaani, maana joto linachemsha damu na akina Capulet wako nje. Mercutio hasikii. Tybalt anafika akimtafuta Romeo, aliyeingia katika karamu yao bila kualikwa, na anapomwona anamtukana mbele ya watu. Romeo hashiki upanga. Anamjibu kwa upole kwamba anampenda, na kwamba sababu ya mapenzi hayo Tybalt ataijua baadaye.

Sababu yenyewe sisi tunaijua. Tybalt ni binamu wa Juliet, na tangu saa moja iliyopita amekuwa shemeji yake Romeo. Pale jukwaani hakuna mwingine anayejua. Mercutio hana habari hata kwamba kuna Juliet. Kwake yeye, rafiki yake bado anamlilia Rosaline, msichana aliyempenda kabla ya Juliet. Kwa hiyo upole tunaouona sisi kuwa ni mapenzi, yeye anauona kuwa ni woga wa kutia aibu, na anachomoa upanga ili kuiokoa heshima ambayo Romeo mwenyewe hakuona kama imeguswa. Sentensi moja tu ya Romeo pengine ingezirudisha panga alani, lakini akiitamka atakuwa amemtia Juliet mikononi mwa baba yake mkali. Hapo ndipo taharuki ilipo. Waongozaji wanaoharakisha kufika kwenye mapigano huipoteza kabisa. Kimya kile cha Romeo kinastahili kupewa nafasi kuliko panga zote.

Kisha Romeo anaingia kati kuwaamua, na Tybalt anampitishia Mercutio upanga chini ya mkono wa huyo huyo msuluhishi. Mercutio si Montague wala Capulet, ni jamaa ya Mtawala wa mji, naye anakufa akizilaani nyumba zote mbili bila kujua ameuawa kwa siri gani. Romeo anajilaumu kwamba uzuri wa Juliet umemlegeza, anamfuata Tybalt na kumuua. Mtawala alikuwa ameapa kuwaua watakaovunja amani. Kwa kuwa Tybalt ndiye aliyeanza kumwaga damu, Romeo anahukumiwa uhamisho.

Ufundi huu hauko katika chanzo cha hadithi. Katika shairi refu la Arthur Brooke la mwaka 1562, wapenzi wanafurahia ndoa yao mwezi mmoja au miwili kabla ya Tybalt kuuawa, na Mercutio anaonekana kwa muda mfupi tu karamuni. Shakespeare alibana miezi ikawa siku zisizotimia juma moja, akamkuza Mercutio tukampenda, halafu akaleta mauaji kabla ya usiku wa harusi. Kwake, maarusi wanapokutana usiku huo, tayari kuna maiti wawili kati ya familia zao na kuna amri ya kuwatenganisha kabla jua halijapanda.

Hivyo pazia la onyesho la pili linafunguka kwa namna ya kuumiza. Juliet yuko peke yake, anauomba usiku uje haraka umletee mumewe. Maneno yake ni ya furaha tupu, na kila analolisema hadhira inajua limeshaharibika. Anayekuja kumpa habari ni Yaya, anayelia kwamba amekufa bila kusema ni nani. Wiki ijayo tutaangalia kwa nini Shakespeare alimkabidhi kazi hiyo mtu asiyeweza kusema jambo moja kwa moja.