Virusi vya kompyuta: Usikimbilie kufomati, mafaili ya nyumbani yanaweza kuokolewa

KATIKA miji mingi ya Afrika Mashariki, safari ya karatasi huanzia kwenye flashi. Mwanafunzi huandika kazi yake nyumbani, huinakili kwenye flashi, kisha huenda kuichapisha kwenye duka ambalo Tanzania huitwa steshenari na Kenya huitwa saiba. Kompyuta ya hapo imekwisha kupokea flashi za wateja wengine tangu asubuhi. Jioni flashi inaporudi nyumbani, mara nyingi hairudi peke yake.

Kesho yake folda zote zimegeuka alama zenye mshale mdogo, na ukizibonyeza hazifunguki sawasawa. Hapo ndipo hasara kubwa hutokea. Kompyuta hupelekwa kwa fundi, fundi huifomati, na picha za harusi, hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa na rasimu ya tasnifu hupotea ndani ya saa moja. Virusi vilikuwa vimeyaficha mafaili hayo tu. Aliyeyafuta ni binadamu.

Kabla ya kufikia hatua hiyo, yapo mambo kadhaa ambayo mtu wa kawaida anaweza kuyafanya mwenyewe, tena bila gharama.

Ugonjwa wa zamani, njia zile zile

Virusi vya kompyuta ni programu kama programu nyingine, ila imeandikwa ili ijinakili, ijifiche na kufanya kazi bila idhini ya mwenye mashine. Kirusi cha kwanza kusambaa kwenye kompyuta za aina ya PC, kinachojulikana kwa jina la Brain, kiliandikwa mwaka 1986 na ndugu wawili wa Lahore, Pakistan. Kilisafiri kwa diski za kuchomeka, kutoka mkono hadi mkono. Mei 2000, kirusi cha ILOVEYOU kilienea duniani kwa barua pepe zilizojifanya ujumbe wa mapenzi. Conficker, kilichoanza Novemba 2008, kilipita kwenye mitandao ya ofisi na kwenye flashi pia.

Mwaka 2009 mikongo ya mawasiliano ya baharini ilifika Mombasa na Dar es Salaam, na kutoka huko intaneti ya kasi ikaenda bara hadi Kampala, Kigali na Bujumbura. Nchi hizi sasa zinatumia barabara moja ya mawasiliano. Kinachoingia nyumba moja hakisubiri kugongewa muhuri mpakani ili kiingie nchi ya jirani.

Dalili za kuangalia

Si kila kompyuta nzito ina virusi. Vumbi kwenye feni, diski iliyojaa au diski inayokaribia kufa huleta uzito huo huo. Dalili zinazostahili kutiliwa shaka ni hizi: programu ya kuzuia virusi imezimika yenyewe na inakataa kuwaka, ukurasa wa kwanza wa intaneti umebadilika bila mtu kuubadilisha, matangazo yanatokea hata pasipo kufungua tovuti, marafiki wanapokea ujumbe ambao mwenye akaunti hakuutuma, au mafaili yamepewa majina mapya na kando yake kuna barua ya kudai fedha.

Hatua za uokoaji

Jambo la kwanza ni kuitenga mashine. Zima Wi-Fi au chomoa modemu, kisha toa flashi zote. Programu inayoiba manenosiri haina faida kwa mwizi ikiwa haiwezi kuyatuma. Kuanzia hapo usiingie benki, barua pepe wala huduma za pesa kwa kompyuta hiyo. Badilisha manenosiri muhimu kwa kutumia simu au kompyuta nyingine iliyo salama, ukianza na barua pepe, kwani ndiyo hutumika kufungulia akaunti nyingine.

Jambo la pili ni kunakili vitu visivyoweza kupatikana tena. Chukua nyaraka, picha na video peke yake, uziweke kwenye diski ya nje. Acha programu, hasa mafaili yanayoishia na .exe, .vbs au .bat, kwa kuwa ndiyo hubeba virusi. Diski hiyo nayo isichomekwe kwenye mashine nyingine kabla ya kukaguliwa.

Jambo la tatu ni ukaguzi wenyewe. Windows 10 na Windows 11 zina Microsoft Defender ndani yake, bila malipo ya ziada. Rudisha intaneti kwa muda mfupi tu ili Defender ipate orodha mpya ya virusi, kisha kata tena. Fungua Windows Security, ingia kwenye Virus & threat protection, halafu Scan options, na uchague ukaguzi wa Microsoft Defender Offline. Okoa kwanza kazi iliyo wazi, kwa sababu kompyuta itajizima na kuwaka upya.

Faida ya ukaguzi huu ni kwamba unafanyika kabla Windows yenyewe haijaamka. Kirusi kilichozoea kujificha au kuizima programu ya ulinzi kinakutwa kimelala. Baada ya hapo fanya ukaguzi kamili wa kawaida, hata ukichukua saa kadhaa. Kama Defender imeharibiwa kabisa, kampuni kadhaa za ulinzi hutoa bure diski za uokoaji. Diski hiyo hutengenezwa kwenye kompyuta safi, kisha mashine inayougua huwashiwa kutoka kwenye diski hiyo.

Kufichua mafaili ya flashi

Kwa flashi iliyojaa alama za mshale, mpangilio wa kazi ni muhimu. Safisha kompyuta kwanza, flashi baadaye. Ukianza na flashi, kompyuta itaiambukiza tena palepale.

Kompyuta ikishakuwa safi, chomeka flashi na uikague kwa programu ya kuzuia virusi bila kubonyeza chochote ndani yake. Angalia herufi ambayo Windows imeipa, tuseme ni F. Fungua Command Prompt, andika: attrib -h -r -s /s /d F:\*.* kisha bonyeza Enter. Amri hiyo huondoa alama ya kuficha ambayo kirusi kiliibandika, na folda halisi huonekana tena. Alama za mshale na mafaili yasiyojulikana yanayoishia na .vbs yafutwe. Mwisho, nakili nyaraka zako mahali salama, halafu ndipo flashi ifomatiwe.

Mafaili yaliyofungwa kwa ajili ya fidia ni habari nyingine. Hayo hayakufichwa, yamefungwa kwa ufunguo. Usiyafute, na usikimbilie kulipa, kwa sababu malipo hayampi mtu uhakika wowote wa kurudishiwa. Mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni mbili za usalama wa kompyuta, hutoa bure funguo za aina nyingi za virusi hivyo. Aina ambayo haina ufunguo leo inaweza kuupata baadaye, kwa hiyo mafaili yaliyofungwa yahifadhiwe kando.

Kufomati kuna wakati wake: virusi vinaporudi kila baada ya kusafishwa, au kompyuta ilipotumiwa kuiba fedha na huwezi kuiamini tena. Mwulize fundi maswali mawili kabla hajaanza: amehifadhi wapi mafaili, na Windows anayoweka ameipata wapi. Nakala iliyovunjwa kufuli inaweza kuja na kirusi chake ndani.

Kinga ya kila siku

Somo kubwa la kinga lilitolewa Mei 12, 2017, siku kirusi cha WannaCry kilipoanza kufunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150 na kudai dola 300 kwa kila mashine. Hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu. Tundu ambalo kirusi hicho kilipitia lilikuwa limezibwa na Microsoft tangu Machi mwaka huo. Wengi walioumia ni wale ambao hawakuweka maboresho.

Katika eneo hili sababu ya kuyakwepa maboresho inajulikana: yanakula bando. Njia ya katikati ni kuyapakua mara moja kwa wiki, usiku bando linapokuwa nafuu, au mahali penye Wi-Fi ya kuaminika kama chuoni na ofisini. Kuyazima kabisa ni kubana matumizi kwa namna ya hasara.

Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 14, 2025, huku ikiweka mpango wa nyongeza wa mwaka mmoja kwa watumiaji wa nyumbani. Kompyuta nyingi za mtumba haziwezi kupokea Windows 11. Mwenye mashine ya namna hiyo anaweza kufikiria Linux, kwa mfano Ubuntu au Linux Mint. Hutolewa bure, hupokea maboresho, na hutosha kwa kuandika, kuchapisha na kutumia intaneti.

Mengine ni mazoea. Epuka programu zilizovunjwa kufuli, hasa ile inayokutaka uzime ulinzi kabla ya kuiweka. Anayekuomba umfunge mbwa kabla hajaingia hana nia njema. Tumia programu moja ya kuzuia virusi, kwani mbili hugombana na kuifanya mashine iwe nzito. Watoto na wageni wapewe akaunti yao isiyo na mamlaka ya kuweka programu. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe. Kazi ya kuchapisha itumwe kwa barua pepe kila inapowezekana, au itengewe flashi moja isiyobeba kitu kingine chochote.

Zaidi ya yote, weka nakala. Kanuni ya kawaida ni nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Diski ya nakala ichomolewe baada ya kutumika, maana kirusi cha fidia hufunga kila kinachokiona.

Anayeibiwa fedha au akaunti ana pa kwenda pia. Kenya ina KE-CIRT, Tanzania TZ-CERT, Uganda ina CERT-UG na Rwanda ina Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao. Vyombo hivyo hushughulikia taarifa za mashambulizi, na taarifa ya mtu mmoja Arusha inaweza kuwa tahadhari kwa jirani yake Kigali kabla flashi haijafika.